Alisikia Ndoo Ikigonga: jibu kwa kijana mwandishi wa Katuba

SWALI: Jambo Mama Mwalimu. Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, nimemaliza riwaya ya kurasa 140 kwa Kiswahili. Mhusika wangu ni Ilunga, ana miaka 34, anauza yunite za simu chini ya mwavuli pembeni ya barabara. Hajali kitu. Siku moja bayere wake, mwenye nyumba anayompangisha, Muzee Kapend, anakutwa amekufa kisimani nyuma ya nyumba. Ilunga anadaiwa kodi ya miezi mitano, kwa hiyo mtaa wote unasema ni yeye aliyemuua, polisi nao wanasema ni yeye, na mwenyewe hajisumbui hata kujitetea. Nilitaka watu wacheke. Dada yangu alisoma mpaka ukurasa wa 40, akafunga, akasema: "Mtu wako anachosha, na mfu wako ni kama mfuko wa simenti." Rafiki yangu naye anasema katika nchi yenye vilio kama yetu, kuchekesha watu kwa maiti ni dhambi. Nitupe? Na nisipotupa, mtu asiyejali anaandikwaje mpaka msomaji amjali?

JIBU: Jambo mwanangu. Usitupe. Nimesoma kurasa zote 140 mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na ninakuambia bila kukubembeleza kwamba riwaya yako iko hai. Ila imelala mahali pasipo pake. Dada yako ni msomaji mkali, mshukuru. Kwa sentensi moja amekuonyesha makosa mawili, na yote mawili yana mzizi mmoja ambao nitaufikia.

Nianze na mfuko wa simenti.

Muzee Kapend anakufa ukurasa wa 3. Kabla ya hapo tunajua kwamba alikuwa mnene na kwamba alipenda kodi yake ilipwe tarehe 30. Basi. Baada ya hapo anageuka kuwa kitu cha kuvutwa kwa kamba, cha kulazwa, cha kuzungukwa na watu wanaobishana. Matukio yenyewe umeyaandika vizuri. Yule mtu wa tatu anayeshika kamba huku akipokea simu nilimwona kabisa. Lakini hatukumpoteza mtu, kwa hiyo hatuna cha kuogopa tunapocheka. Ucheshi wa kifo unataka uzito upande wa pili wa mizani. Msomaji acheke, halafu ajisikie mkono umemfika mdomoni.

Umesoma shuleni L'Étranger ya Albert Camus, iliyotoka mwaka 1942. Kila anayeandika juu ya mtu asiyejali anapita mlango huo, apende asipende. Meursault anamzika mama yake bila kulia, anakunywa kahawa yenye maziwa pembeni ya jeneza, kesho yake anaogelea na kwenda kuona filamu ya kuchekesha na mwanamke. Baadaye anampiga risasi mtu ufukweni, karibu na Alger. Mahakamani wanamhukumu zaidi kwa ile kahawa kuliko kwa ile maiti. Hapo ndipo penye ucheshi mweusi wa kitabu kile, na ni wa kweli: korti inasahau aliyekufa, inamchunguza mwana asiyelia. Lakini angalia jambo lingine. Yule Mwarabu aliyeuawa hana jina kitabu kizima. Ilichukua zaidi ya miaka 70 mpaka mwandishi wa Aljeria, Kamel Daoud, alipotoa mwaka 2013 riwaya ambamo mdogo wa marehemu anasema: kaka yangu alikuwa na jina, aliitwa Moussa. Wewe unaandika Lubumbashi, kwa lugha ya watu wanaokufa katika hadithi yako. Huna ruhusa ya kurudia kosa lile. Kapend ana jina, vema. Sasa mpe sauti, mpe redio yake, mpe namna yake ya kugonga mlango. Mpe jambo jema moja alilomfanyia Ilunga, ambalo Ilunga hakulishukuru. Hilo hasa. Labda alimchotea maji siku ya homa. Labda alimwachia kodi ya mwezi wa kwanza. Kurasa nne tu kabla ya kisima zinatosha.

Sasa la mtu anayechosha.

Ukurasa wa 3, wanamwambia Ilunga kwamba bayere amekufa, naye anauliza: "Basi kesho tarehe 30, nani atakuja?" Nilicheka peke yangu, nikamwita mjukuu nikamsomea. Ukurasa wa 9 anatoa jibu la aina hiyo hiyo. Ukurasa wa 15 tena. Ukurasa wa 22 sikucheka, na wa 31 nilianza kuruka mistari. Umeona kutojali kama bomba: ukifungua, uchekeshaji unatoka. Sivyo. Kutojali kunachekesha pale tu kunapomgharimu mtu, na kila mara bei ipande. Mara ya kwanza jibu lake limkoseshe chai. Mara ya pili mteja amkimbie. Mara ya tatu limlaze kasho, mahabusu ya polisi. Maneno yanaweza kubaki yale yale, hata ni vizuri yabaki yale yale. Una neno lako tayari, umelitumia mara kumi na moja bila kujua ni mali: "Njo vile." Ndivyo ilivyo. Acha aseme "Njo vile" kwa jirani, kwa polisi, kwa hakimu, na kila mmoja alisikie kwa namna yake.

Lakini chini ya "Njo vile" lazima kuwe na mtu. Nikupe kisa cha nyumbani kwetu.

Nilikuwa na miaka 15 mke wa mjomba wangu alipofariki ghafla. Mjomba alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Matanga yalifanyika uani, bashi, turubai la kivuli, limefungwa kwenye mwembe, na viti 60 vya plastiki vimeazimwa mtaani. Kwa siku zote zile mjomba hakutoa chozi. Alikuwa anahesabu viti. Asubuhi anapita katikati ya waombolezaji, kidole kikienda kiti kwa kiti, midomo ikitikisika. Jioni vilevile. Mtu akiinuka kwenda msalani, mjomba anamfuata kwa macho mpaka arudi. Usiku wa pili mmoja wa wakwe akasema kwa sauti, ili asikike: "Mufu iko mu nyumba, yee iko anahesabu viti. Muntu gani ya vile?" Kufika siku ya tatu neno limeshazunguka kwamba amemuua mkewe. Malipo ya mufu ambayo wakwe hudai yakapandishwa. Hakubisha. Mwisho viti vilikuwa 58. Mjomba akanunua viwili, akarudisha 60.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua maharagwe, nikamuuliza. Akaniambia kwamba zamani, kwenye matanga ya mama yake, mkewe aliazima sahani za kina mama wa mtaa, tatu zikapotea, na kwa mwaka mzima walimtaja sokoni kama mwizi. Alilia kwa ajili ya sahani zile kuliko alivyomlilia mama yake. "Niliapa hawatamtaja tena," mjomba akasema, akaendelea kuchambua.

Mwanangu, hao ndio watu wasiojali, karibu wote. Kuna kitu kimoja wanakijali mno, kidogo, kisichoonekana, na wamekielekezea nguvu zote, hawana tena za kuonyesha mahali pengine. Ilunga wako anajali nini? Nimetafuta. Kuna mwavuli. Kurasa tatu tofauti umetaja kwamba anaufunga kwa kamba ya kiatu, kwamba hataki mtu aushike. Hujasema kwa nini. Usiseme mapema, na ukisema, sema kwa sentensi moja kama mjomba wangu, halafu rudi kwenye maharagwe.

Fundisho la kuandika mtu wa namna hii kwa Kiswahili halianzi na wewe wala mimi. Euphrase Kezilahabi alimwandika Kazimoto katika Kichwamaji mwaka 1974, msomi ambaye maisha yamekosa ladha mpaka anajiua mwenyewe. Lakini Kazimoto anateseka kwa kufikiri sana. Wako hafikiri, anakaa. Ukitaka mfano wa jirani wa ucheshi mweusi, Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, ng'ambo ya mto, alitoa African Psycho mwaka 2003: mtu anayetamani kuwa muuaji mkubwa na kila mara anashindwa. Huyo anataka asiweze, na wa kwako anaweza asitake. Soma vyote viwili, kisha viweke mbali unapoandika.

Kwa kicheko chenyewe, mwalimu wako wa karibu zaidi ni kikundi cha maigizo cha Mufwankolo. Waulize wazee wa kwenu. Walicheza kwa Kiswahili cha hapa kwetu, jukwaani, redioni na kwenye televisheni, bila kuandika maneno. Walipatana hadithi, kisha kila mtu akaingia na mdomo wake. Ukiwatazama, mara nyingi anayechekesha si yule aliye katikati. Ni kijiji kizima kinachomzunguka, kila mtu na hesabu yake. Ndicho kinachokosekana kwako. Umemweka Ilunga katikati ukamtaka achekeshe peke yake. Hawezi, hana nia. Watakaochekesha ni wale wasiovumilia kumwona kimya.

Tazama namna mji huu unavyoshuku. Bibi zetu walituhadithia mutumbula wa miaka ya 1940, mtu anayedaiwa kukamata watu usiku na kuwapeleka kwa Wazungu waliwe. Hakuna aliyemwona, lakini kila mtaa ulijua ni nani: yule anayetembea usiku, yule asiyesalimia. Kimya cha mtu ni parseli tupu, kiwanja kisichojengwa, na parseli tupu hapa Lubumbashi haikai wiki bila mtu kuleta matofali. Mama muuza makala, yaani makaa, anasema Ilunga halii wala hacheki kwa sababu ana dawa. Mchungaji anasema ni roho ya ukoo. Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, anasema mtu anayedaiwa miezi mitano na analala usingizi lazima ana mpango. Kijana wa chuo, aliyekodi chumba cha pembeni, analeta saikolojia. Kila mmoja anajenga muuaji anayefanana na hofu yake. Kurasa za 41 hadi 58, zile za matanga, zipe hawa watu. Ilunga abaki akila bukari na sombe pembeni, kwa sababu ana njaa, na kila tonge alilomeza likawe ushahidi.

Sasa nakuja kwa polisi, na hapa nitakaa, maana hapa umeharakisha kupita kiasi. Umemkamata, umempiga makofi mawili, umempeleka gereza la Kasapa, yote kwa kurasa sita. Mwanangu, kwenye meza ya opeji, afisa wa polisi anayehoji washukiwa, ndiko kuna hazina yako.

Kwanza uwe na sheria mkononi, maana ucheshi usio na sheria sahihi unakuwa kelele. Katiba ya 2006 inasema mtu hashikwi polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiwe au afikishwe mbele ya mwenye mamlaka wa sheria. Inasema pia kwamba mshukiwa ana haki ya avoka, yaani wakili, tangu uchunguzi wa polisi. Parke, yaani ofisi ya mashtaka, wakimchukua, mwendesha mashtaka anaweza kumpa mandá, hati ya kumshika, ya muda ya siku 5, kisha hakimu akaamua kumweka ndani siku 15, halafu mwezi kwa mwezi. Kanuni ya adhabu, ile ya tarehe 30 Januari 1940 iliyorekebishwa mara nyingi, inatenganisha kuua kwa kukusudia na kuua kwa kupanga kabla. Wewe umeandika yote kama neno moja. Kuua kwa kupanga adhabu yake ni kifo. Na usiandike kwamba "siku hizi hawanyongi tena", kama ulivyoandika ukurasa wa 97: usitishaji uliodumu tangu 2003 uliondolewa Machi 2024. Ilunga anaposema "Njo vile" mbele ya hakimu, msomaji wako anapaswa kujua kamba iko wapi.

Sasa meza. Opeji anauliza kwa Kiswahili, anaandika pévé, taarifa ya mahojiano, kwa Kifaransa. Kati ya mdomo na karatasi kuna mto, na mtu anaweza kuzama humo. Nimewahi kukaa kwenye kiti kile kama shahidi wa ugomvi wa mpaka wa parseli. Nilisema "tulikuwa na maneno", aliposoma pévé nikasikia kwamba kulikuwa na mgogoro wa muda mrefu wenye vitisho. Sikuwa nimetisha mtu. Afisa yule hakuwa mbaya, alikuwa anatafuta neno la Kifaransa linalokaa vizuri kwenye mstari. Basi mpe Ilunga saa mbili za namna hiyo. Anasema "Njo vile", opeji anaandika kwamba mhusika anakiri. Anasema "Miye sikukuwa namuwaza", inaandikwa kwamba alikuwa na dharau kwa marehemu. Anaulizwa kama anataka kuongeza kitu, anauliza kama mwavuli wake umeingizwa ndani maana wingu limetanda, na opeji anaandika kwamba anakwepa maswali. Mpe opeji naye ubinadamu: kalamu inakwama, karatasi amenunua kwa pesa zake, ana kikohozi, anataka kumaliza dosye, jalada la kesi, kabla ya giza kwa sababu umeme unakatika.

Na sasa mzizi nilioahidi. Ukurasa wa 112 umeandika mstari mmoja, ukaupita kama mtu anayeruka dimbwi: "Usiku ule Ilunga alisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima, kisha kitu kama kikohozi, akageuka upande wa pili." Kisha unaendelea na chakula cha gerezani.

Niliweka kalamu chini. Mwanangu, riwaya yako iko hapo. Kurasa 139 nyingine zinauzunguka mstari huo bila kuuona. Mtaa mzima unauliza kama Ilunga aliua. Polisi wanauliza kama aliua. Hakuna hata mmoja anayemuuliza alisikia nini. Hakumsukuma mtu. Muzee aliteleza, akashikilia kamba, ndoo ikagonga, akakohoa, labda aliita. Na hatua ishirini kutoka pale alilala mpangaji wake, macho wazi.

Na sheria yetu inamjua mtu huyo. Tangu 1978 kanuni ya adhabu ina vifungu viwili, cha 66 bis na 66 ter, vinavyomwadhibu anayeweza kuzuia madhara au kumsaidia mtu aliye hatarini, bila hatari kwake mwenyewe, na kwa makusudi asifanye. Hata kuita watu tu kungetosha. Kwa hiyo Ilunga hana hatia ya lile wanalomshtaki, na ana hatia ya lile ambalo hakuna aliyeliandika. Dosye nzima imejengwa juu ya kosa lisilo lake, kwa sababu linavutia zaidi. Huo ndio ucheshi wako mweusi, na hauhitaji maiti kudondoshwa mara mbili kwenye ngazi, kama ulivyofanya ukurasa wa 36. Ondoa hilo, tafadhali.

Lugha yetu imekuwekea tayari ufunguo. Neno ni kusikia. Sikio linasikia, na moyo pia unasikia: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia haya. Mtoto mkaidi tunasema hasikii. Kifaransa kinalazimika kuchagua moja, Kiswahili hakichagui. Basi weka hili kwenye meza ya opeji. Saa imekwenda, anataka kufunga, anauliza swali la mwisho, la kibinadamu kabisa:

"Kufa kwa muzee, ulisikia namna gani?"

Naye Ilunga, kwa mara ya kwanza kitabuni, anajibu sawasawa:

"Nilisikia ndoo."

Opeji anamtazama. Anaandika nusu ya neno, anakata. Anaandika kwamba mhusika hana majuto. Anamgeuzia karatasi atie kidole.

Usieleze kitu hapo. Usimwache msimulizi wako aseme "kumbe". Funga sura.

Ukishafanya hivyo, utaona hata kutojali kwake kunapata historia bila wewe kuisimulia kwa kirefu. Umesema baba yake alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, 2003 na 2004. Hilo usilipe zaidi ya ukurasa mmoja, lakini liweke pazuri. Watu waliolelewa wakiambiwa kampuni ni baba na mama, posho, shule, hospitali, nyumba, kisha siku moja baba na mama hawapo. Ilunga alikuwa kijana wa shule wakati ule. Alimwona baba akiita ofisini kwa miezi, hakuna aliyesikia. Mtoto anajifunza hapo kwamba kuita ni kazi bure, na baadaye kwamba kusikia nako ni kazi bure. Labda mwavuli ule ulinunuliwa kwa pesa ya mwisho ya baba. Sijui, wewe ndiye unayejua. Lakini ikiwa hivyo, usimtetee kwa hilo. Muzee Kapend bado amezama.

Rafiki yako anayesema ni dhambi, msikilize, usimdharau. Mimi pia, Januari 2025 Goma ilipotekwa na Februari Bukavu, sikuweza kusoma kitu chochote cha kuchekesha kwa wiki nyingi. Nina binamu kule. Lakini nakumbuka pia kwamba asubuhi moja redio ilisema habari za maiti barabarani, na mimi nikapunguza sauti kwa sababu maji yalikuwa yanachemka na nilitaka kusikia sufuria. Ningependa kusoma kitabu kinachoniuliza juu ya asubuhi ile. Kicheko cha kumcheka mfu, huyo rafiki ana haki kukikataa, nami nakikataa pamoja naye. Kicheko kinachotufikisha mpaka kitandani pa Ilunga, usiku, ndoo ikigonga, hicho hata mjane anaweza kukaa nacho.

Kwa lugha, neno fupi. Masimulizi yako yawe kwa Kiswahili sanifu, kama ulivyofanya, lakini midomo ya watu iwe ya Lubumbashi. Umewafanya muuza makala na shefu wa avenyu waseme kama watangazaji wa Dar es Salaam, na hapo dada yako alihisi uongo ingawa hakusema. "Mimi sifahamu lolote, ndugu afisa" haisemwi Katuba. Usiogope kwamba msomaji wa Mombasa hataelewa "njo", "paka", "mu nyumba". Ataelewa kwenye ukurasa wa pili, kama sisi tulivyoelewa Kiswahili chake. Acha pia maelezo ya pembeni ya kila neno, yanakatisha pumzi ya kicheko.

Jina la Ilunga lisibadilike. Sura ya ndoto ukurasa wa 70 iondoke yote. Yule mwanamke anayempenda Ilunga bila sababu, mpe sababu au mwache aende zake.

Mwisho wa kitabu umemwachia huru kwa sababu muuaji wa kweli amepatikana, mwizi wa baiskeli aliyejitokeza ukurasa wa 133. Mtoe mwizi huyo. Hakuna muuaji. Ilunga aachiwe kwa sababu ya kawaida kabisa ya mahali petu: dosye imepotea ukurasa, au hakimu amehamishwa, au familia imechoka kulipa nauli ya kuja kortini. Arudi kwenye parseli. Mtaa umsalimie kwa uoga wenye heshima, kama mtu aliyeua akatoka. Apate chumba bila kodi, maana hakuna anayethubutu kuja kuidai. Kisha usiku mjane aende kisimani kuchota, ndoo igonge ukuta. Umwandike amelala, macho wazi. Kama ataamka au hataamka, uamuzi ni wako, ila kaa naye pale kwa ukurasa mzima kabla hujaamua, na usikimbilie mstari wa kupendeza.

Andika kwanza matanga, kurasa za 41 hadi 58, kisha meza ya opeji, unitumie. Sihitaji vingine kwa sasa.

Na kuna jambo ambalo nimelitafuta kurasa zote 140 sikuliona. Mke wa Kapend amekaa kwenye mkeka kurasa 17 mfululizo, analia, anapewa maji, anaulizwa maswali na polisi, na kila mahali umeandika "mjane". Kabla ya kurasa nyingine zote, nitumie jina lake.